Mapenzi ya Mtoto wa Paka na Wajibu wa Mwenye Nyumba

Mtoto wa paka aletwapo katika nyumba mpya, aghalabu hupitisha siku mbili tatu mvunguni mwa kitanda au nyuma ya magunia ya nafaka. Usiku hutoka akala, kisha hurudi mafichoni. Siku ya nne au ya tano huanza kuwafuata watu wa nyumba: hujisugua miguuni mwao, hupanda mapajani, hukoroma, na hukandakanda nguo zao kwa miguu ya mbele mithili ya mtu akandaye unga wa chapati. Hapo watu husema: amezoea. Wakiisha kusema hivyo wengi huona kwamba kazi imekwisha. Paka amepatikana, panya watapungua, na watoto wamepata wa kucheza naye.

Neno hilo lina ukweli, lakini limeacha jambo kubwa. Vitendo vyote vilivyotajwa hapo juu ni vitendo ambavyo mtoto wa paka humfanyia mama yake. Alipohamishwa hakuuacha utoto wake kule alikotoka. Amekuja nao, naye amemweka mwanadamu mahali pa mama. Mama wa paka ana kazi nyingi kwa mwanawe: humlisha, humlamba mpaka awe safi, humtia joto, humkinga na adui, na kwa maziwa yake ya kwanza humkinga na maradhi. Mtu akubaliye kupendwa kama mama bila ya kuzichukua kazi hizo amejipatia haki, wajibu ameutupa. Jambo hili lastahili kufundishwa darasani pamoja na idadi ya meno na majina ya mifupa, kwa kuwa mnyama mwenyewe yumo katika nyumba za wanafunzi wengi, na makosa yatendwayo juu yake hutendwa kila siku.

Asili ya tabia hizo ni ya kale. Paka wa nyumbani ametokana na paka-pori ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Felis lybica. Mnyama huyu angalipo hata leo katika mbuga na vichaka vya Afrika Mashariki. Ana rangi ya kijivu au ya mchanga yenye michirizi hafifu, na miguu yake ni mirefu kuliko ya paka wa jikoni. Uchunguzi wa urithi uliotangazwa mwaka 2007, ambao ulilinganisha paka wapatao 979 wa nyumbani na wa porini, uliithibitisha nasaba hiyo. Katika kisiwa cha Cyprus, wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza mwaka 2004 kwamba wamekuta paka aliyezikwa kando ya mtu katika kaburi lenye umri wa miaka 9,500 hivi. Ujirani wa viumbe hawa wawili ni wa siku nyingi.

Paka-pori aliyekomaa huishi peke yake. Huwinda peke yake, hulinda eneo lake, na hukutana na mwenziwe kwa ajili ya kuzaana tu. Wakati pekee ambapo hukubali kulala kifuani pa kiumbe mwingine, kulambwa na kubembelezwa, ni utotoni. Wataalamu wengi wa tabia za wanyama huona kwamba paka wa nyumbani amebaki na sehemu ya utoto huo hata anapokuwa mzee, na kwamba watu wa kale, bila ya kukusudia, waliwavumilia zaidi wale walioubakiza. Kukandakanda ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote: mtoto wa paka anyonyapo huyakanda matiti ya mama yake ili maziwa yashuke. Mkia uliosimama wima kama mlingoti ni salamu ya mtoto amwendeaye mama. Kujisugua kwa mashavu nako kuna maana yake. Kwenye mashavu, kwenye paji la uso na penye shina la mkia mna tezi zitoazo harufu. Mtoto wa paka anapojipitisha miguuni mwa mtu humpaka harufu ya nyumbani, akamtia katika hesabu ya jamaa zake.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba paka hujipendekeza kwa ajili ya chakula tu wamekosea. Lakini wale wasemao kwamba paka akoromaye ni paka mzima wa afya wamekosea vibaya zaidi, kwa kuwa kosa la kwanza humvunjia paka heshima, na la pili humwua.

Kule kukoroma hutoka katika kikoromeo. Mikunjo ya sauti hutetema mara 20 hadi 30 hivi kwa sekunde, wakati wa kuvuta pumzi na wakati wa kuitoa, na ndiyo sababu sauti haikatiki. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kila mtetemo ulihitaji amri ya ubongo. Mwaka 2023 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba kikoromeo cha paka, hata kikiwa kimetengwa na mwili, chaweza kutoa sauti nzito ya namna hiyo hewa ipitapo tu, kwa sababu ndani ya mikunjo yake mna vijinofu vinavyoipunguza kasi ya mtetemo. Mtoto wa paka huanza kukoroma akiwa na umri wa siku chache tu, macho yakiwa bado yamefumba, naye hufanya hivyo huku ananyonya. Paka mzima hukoroma akiwa ameshiba juani. Lakini hukoroma pia anapozaa, anapokuwa na jeraha, anapokuwa na homa, na hata anapokaribia kufa. Madaktari wa mifugo hulijua jambo hili vizuri: mara nyingi hushindwa kuusikiliza moyo wa mgonjwa wao kwa sababu mgonjwa anakoroma juu ya meza.

Tena, sauti hiyo si ya namna moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza mwaka 2009 kwamba paka mwenye njaa aombaye chakula kwa bwana wake huchanganya ndani ya kukoroma kwake mlio mwembamba unaokaribiana na kilio cha mtoto mchanga wa binadamu. Watu waliosikilizishwa sauti hizo, wakiwamo wasiopata kufuga paka, waliitambua ile ya maombi kuwa ndiyo yenye haraka. Paka, kwa maneno mengine, hukoroma kwa sababu anamtaka mtu aliye karibu. Kwa nini anamtaka ni jambo jingine, na hilo lahitaji kutazamwa kwa macho na kupimwa kwa mizani.

Wapo pia washikiliao kwamba mbwa humpenda mtu lakini paka huipenda nyumba. Jaribio moja lililotangazwa mwaka 2019 na wachunguzi wa Oregon State University, Marekani, lafaa kuelezwa darasani kwa sababu ya wepesi wake. Mtoto wa paka aliwekwa katika chumba asichokijua pamoja na mtu amleaye kwa dakika mbili. Mtu akatoka kwa dakika mbili. Kisha akarudi kwa dakika mbili nyingine. Kati ya watoto wa paka 70 ambao tabia yao iliweza kupambanuliwa, asilimia 64 hivi walimlaki mlezi wao, wakatulia, halafu wakaendelea kukichunguza chumba kwa utulivu. Waliobaki ama walimng'ang'ania ama walimkwepa. Kiasi hicho kinakaribiana sana na kile kipatikanacho kwa watoto wachanga wa binadamu katika jaribio la namna hiyo. Nyumba haikuwapo katika chumba kile. Aliyekuwapo ni mtu.

Imani hiyo ya mtoto kwa mtu hujengwa mapema. Wiki ya pili hadi ya saba tangu kuzaliwa ndio muda ambao paka hujifunza kwa wepesi kwamba binadamu si adui. Asiyeshikwa na mkono wa mtu katika wiki hizo huweza kubaki mwoga maisha yake yote. Kutokana na habari hii watu huweza kutoa uamuzi usiofaa, yaani kwamba ni heri kumtwaa mtoto angali mdogo kabisa. Desturi ya kumchukua akiwa na wiki nne au tano, kwa hoja kwamba ameshaanza kulamba mchuzi, imeenea, nayo yafaa kuachwa. Ashikwe na watu, naam, lakini akiwa bado kwa mama na ndugu zake. Ndugu ndio wamfundishao kwamba kuuma sana kunaumiza, maana aumwaye hulia na mchezo hukatika. Wachunguzi wa Helsinki waliokusanya habari za paka karibu 6,000 walionyesha mwaka 2017 kwamba paka walioachishwa ziwa kabla ya wiki nane walikuwa wakali zaidi kwa wageni kuliko waliongojewa. Mtoto wa paka anyonyaye pindo la shuka au ncha ya sikio la mtu hufurahisha wageni. Mara nyingi ni mtoto aliyeondolewa mapema.

Chakula ndicho kipimo cha kwanza cha wajibu. Katika nyumba nyingi mtoto wa paka hupewa ugali uliolowekwa katika maziwa ya ng'ombe. Kwa maziwa hayo kuna tatizo: kadiri paka anavyokua, kimeng'enya kivunjacho sukari ya maziwa hupungua tumboni mwake, na sukari isiyovunjwa huleta kuhara. Kuhara kwa mnyama mwenye uzito wa gramu 600 si jambo dogo. Maji yatokayo mwilini kwa siku moja yaweza kumaliza uhai wake. Ugali nao hujaza tumbo bila ya kumlea. Paka ni mlanyama kwa lazima. Mwili wake hauwezi kugeuza rangi ya karoti na mboga kuwa vitamini A kama mwili wa binadamu uwezavyo, wala hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki. Mwaka 1975 ilithibitishwa kwamba paka akosaye taurini huharibika macho hatimaye akapofuka. Mwaka 1987 ikathibitishwa kwamba misuli ya moyo wake nayo hulegea na kutanuka. Paka mkimya anayekaa jikoni akitazama moto, ambaye watu humwita mvivu, pengine ni mgonjwa wa moyo kwa ajili ya ugali wa miaka mitatu. Tiba ya jambo hili haihitaji vyakula vya makopo vya bei kubwa. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, utumbo na maini ya kuku kwa kiasi, kichwa cha samaki kilichopikwa na kutolewa miiba, na yai mara mojamoja, vikiwa ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake na ugali ukiwa kidogo, vitamfaa. Maji safi yawepo daima.

Baada ya chakula, minyoo. Mtoto wa paka huweza kuipata kwa njia ya maziwa ya mama yake mwenyewe, hivyo hata yule asiyepata kukanyaga nje hayuko salama. Tumbo lililojaa kama ngoma juu ya mbavu zinazohesabika si dalili ya kushiba. Dawa ya minyoo hutolewa tangu wiki ya tatu, hurudiwa kila wiki mbili mpaka baada ya kuachishwa ziwa, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kwa kipimo kitolewacho na Bwana Mifugo kulingana na uzito. Viroboto nao, wakiwa wengi, humnyonya damu mtoto mdogo hata ufizi wake ukageuka kutoka rangi ya waridi ukawa mweupe. Wachanuliwe kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, na paka aogeshwe kwa maji vuguvugu na kukaushwa upesi.

Hapa ndipo wema usio na elimu hudhuru kuliko ukatili. Watu wenye huruma humpaka mtoto wa paka mafuta ya taa, au humchovya katika dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingi za kupe zina pamethrini, ambayo mbwa na ng'ombe huistahimili, lakini paka hutetemeka, hupata kifafa na kufa. Wengine, wakimwona ana homa, humvunjia kipande cha kidonge cha parasetamoli. Ini la paka halina njia ya kutosha ya kuiondoa dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, uso huvimba, ufizi huwa wa rangi ya udongo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua paka mzima. Haipo dozi ndogo iliyo salama ya kumpa nyumbani, na mwalimu wa kemia apate hapa mfano mzuri wa kuonyesha kwamba dawa na sumu hutenganishwa na mwili unaozipokea.

Namna ya kuijua afya, basi, ni ipi ikiwa kukoroma hakutoshi? Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni mizani ya dukani. Mtoto wa paka mwenye wiki nane huwa na gramu 800 hivi, naye huongezeka kiasi cha gramu 50 hadi 100 kila wiki. Apimwe kila Jumamosi ndani ya kikapu, uzito wa kikapu utolewe, na tarakimu ziandikwe katika daftari na kuchorwa kwa mstari. Mstari ukilala wiki moja, pana jambo. Ukishuka, jambo hilo ni la haraka, hata kama mwenyewe anacheza na uzi. Pamoja na mizani yatazamwe macho, kwamba hayana utongo wala ule utando mweupe utokeao pembeni. Yatazamwe masikio, kwamba hayana uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Na ngozi ya mabegani ivutwe kidogo, maana ikikawia kurudi mahali pake mwili umepungukiwa maji. Mtoto wa paka asiyekula kwa siku nzima asingojewe siku ya pili. Darasa la kidato cha kwanza lenye wanafunzi kumi wafugao paka, na daftari kumi za namna hiyo, litajifunza habari za ukuaji kuliko kwa michoro yote ya ubaoni.

Chanjo ni kazi ambayo mama wa paka huianza lakini hawezi kuimaliza. Dang'a, yale maziwa ya siku za kwanza, humpa mtoto kingamwili. Kingamwili hizo hupungua polepole, na kwa kila mtoto hutoweka kwa wakati wake, baina ya wiki ya sita na ya kumi na sita hivi. Zikiwapo bado kwa wingi huizuia chanjo isifanye kazi. Zikiisha, mtoto hubaki bila kinga. Ndiyo sababu chanjo ya mafua ya paka na ya ule ugonjwa wa virusi uangamizao chembe nyeupe za damu na kuleta matapishi na kuhara hutolewa tangu wiki ya sita au ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Wenye paka hudhani kurudiarudia huko ni njia ya kuwatoza fedha. Kumbe ni hesabu ya kuotea siku ambayo mlango umefunguka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya kumi na mbili, na hii humhusu binadamu moja kwa moja. Jina la ugonjwa limewafanya watu wengi wadhani paka hahusiki. Ni kweli kwamba karibu watu wote wafao kwa ugonjwa huu huambukizwa na mbwa, na hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao wakiwa Asia na Afrika. Lakini paka huumwa na mbwa, naye huuma watoto. Jambo ambalo kila mwanafunzi yafaa alijue ni kwamba dalili za mwanzo si ukali peke yake. Paka mpole huweza kuwa mwoga, na paka wa jalalani asiyepata kukaribia mtu huweza kuja ghafla na kujipitisha miguuni. Upole wa ghafla wa mnyama asiyejulikana usipokewe kwa mikono. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo apate chanjo. Dalili zikiisha kuanza kwa mtu, hakuna tiba.

Kuhusu toksoplazma, kile kimelea kinachowafanya wanawake wenye mimba waamriwe kumfukuza paka, woga umezidi maarifa. Paka hutoa mayai yake katika kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara moja tu maishani, na mayai hayo huhitaji siku moja au zaidi baada ya kutoka ndipo yaambukize. Kinyesi kikiondolewa kila siku na mtu mwingine wa nyumba, mikono ikioshwa, nyama ikipikwa ikaiva na mboga zikioshwa, mama mjamzito aweza kukaa na paka wake. Wazee wa pwani husema paka wa nyumba haingwa, na katika jambo hili sayansi haina neno la kuwapinga.

Linabaki jambo ambalo watu hulisahau kwa sababu mtoto wa paka huonekana mtoto kwa muda mrefu kuliko alivyo. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, angali anakimbiza uzi. Mimba huchukua siku 63 hadi 65. Aliyezaliwa Oktoba, akaletwa nyumbani Desemba, aweza kuzaa watoto wanne kabla ya mwezi Mei kwisha, na kushika mimba tena kabla hawajaacha ziwa. Kufunga uzazi wa jike na kuhasi dume hufanywa na daktari wa mifugo, na wakati ufaao ni karibu na mwezi wa nne, siku zilezile meno ya utoto yaanzapo kung'oka. Mwenye nyumba aahirishaye jambo hili kwa miezi miwili ndiye aonekanaye baadaye sokoni jioni na boksi lililotobolewa matundu, akimtafuta wa kumpa.